Dago la Mchoraji: Kipupwe cha Ikuti na Picha za Sam Ntiro

Mwezi wa Julai, katika vijiji vya Ikuti wilayani Rungwe, aghalabu mtu hutoka nje alfajiri asimwone jirani yake. Ukungu umelala juu ya migomba, matone yanadondoka kutoka majanini kana kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, na mlio wa shoka husikika kitambo kabla ya mpasua kuni mwenyewe kuonekana. Nchi hii ya milima, ambayo kilele chake kikuu, Rungwe, kinafikia karibu mita 2,960, hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Na hata masika yakiisha, miezi ya Juni, Julai na Agosti huja na baridi yenye unyevu, ambayo huingia nguoni na kukaa humo. Kwa Kiswahili majira hayo huitwa kipupwe. Walakini neno hilo lilizaliwa pwani, na huko pwani kipupwe ni faraja: joto hupungua, upepo wa kusi huvuma, na mtu hulala akijifunika shuka moja kwa furaha. Likipandishwa mpaka Ikuti, neno lile lile hubeba mzigo ambao halikuundwa kuubeba. Ni vema msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa lililolipata neno ndilo linaloweza kuipata picha.

Na achukuliwe mchoraji anayefika Ikuti wakati huo, baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Ametoka Dar es Salaam. Amepita Morogoro na Iringa, akafika Mbeya baada ya zaidi ya kilomita 800, kisha akateremka kusini kwenda Tukuyu na kuendelea. Kichwani mwake mna arusi aliyohudhuria, salamu za jamaa, na mabishano ya abiria wa basi. Amepewa chumba kimoja, meza moja, jiko la mkaa, na miezi miwili ambayo ndani yake hakuna mtu atakayemdai kitu isipokuwa kazi. Siku za kwanza hachori lolote. Anapanga chupa za rangi, anazipangua, anaandika barua, anasogeza meza karibu na dirisha kisha anairudisha kwa sababu ya baridi. Wenyeji wa Ikuti wakimtazama watasema huyu hana kazi, na kwa siku hizo hawatakuwa wamekosea sana. Mithali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini je, jembe la mchoraji ni lipi, na nani wa kumpa?

Desturi hii ya kumpa msanii nyumba ya muda, mbali na kwake, ili afanye kazi yake, imeenea sana duniani, na Afrika ya Mashariki nayo imekwisha kuipokea. Pale Dar es Salaam, Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, huwapa wachoraji na wachongaji vyumba vya kufanyia kazi, na huwakaribisha wageni kutoka nchi nyingine kukaa kwa kipindi. Ila jina la Kiswahili la desturi yenyewe bado halijatulia. Wengine husema ukaazi, neno ambalo huleta akilini meza ya ofisa wa uhamiaji na mhuri wake kuliko meza ya mchoraji. Mtu akisikia kwamba fulani amepata ukaazi, humpongeza kwa kibali, wala si kwa sanaa. Wengine husema makazi, na makazi ni mahali pa kudumu, kinyume kabisa cha jambo linalokusudiwa.

Kuna neno lililokuwapo siku zote, nalo ni dago. Wavuvi wa Kojani, huko Pemba, huacha nyumba zao kwa msimu wakaenda kuweka kambi katika fukwe za mbali, hata pwani ya Tanga na ya Kenya. Hujenga vibanda, huvua, hukausha samaki, na msimu ukiisha hurudi kwao. Huko ndiko kwenda dago. Neno hili lina kila kitu ambacho ukaazi umekikosa. Lina safari, lina msimu, lina kibanda kisichokusudiwa kudumu, lina kazi ambayo isipopatikana safari imekuwa hasara. Lina pia jambo la tano, nalo ndilo litakaloleta taabu katika uhakiki huu: mvuvi haendi dago peke yake.

Nyumba za wasanii za nchi za baridi zimejengwa juu ya upweke. Hapo zamani haikuwa hivyo: Wafaransa walipofungua chuo chao Rome mwaka 1666 waliwapeleka vijana kukaa pamoja na kunakili kazi za kale chini ya usimamizi wa mkuu wao, kama wanafunzi wa bweni. Upweke ulikuja baadaye. Katika mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian walianzisha mwaka 1907 kambi ambayo imekuwa kielelezo cha nyingine nyingi. Humo kila msanii ana kibanda chake msituni. Hakuna ruhusa ya kumtembelea mwenziwe bila ya kualikwa. Na ili mtu asikatize kazi kwa ajili ya tumbo, chakula cha mchana huletwa ndani ya kikapu na kuachwa mlangoni. Jioni ndipo wote hukutana mezani. Kikapu kile kimesifiwa sana na waliopita hapo, na si ajabu. Hata hivyo, wanaokisifu aghalabu huhesabu saa za ukimya walizozipata, na mara chache humhesabu aliyepika.

Mtu wa Rungwe anayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa nchi yake iliwahi kuwa na mpango unaofanana na huo kwa sura na kupingana nao kwa roho. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu juu ya vijiji vya rika. Katika utaratibu ule, mvulana akifika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijijengea vibanda vyao pembeni, kwanza vidogo na vya ovyo, kisha vizuri zaidi kadiri mikono yao ilivyopata ujuzi. Walakini chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba. Hapa pana kibanda cha mbali, pana kazi ya mikono, na pana kikapu cha chakula, ingawa kikapu chenyewe ni mama. Tofauti iko katika shabaha. Kijiji cha rika hakikujengwa ili mtu apate kuwa peke yake. Kilijengwa kwa ajili ya kile ambacho Wanyakyusa hukiita ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzi. Na wazee waliozungumza na kina Wilson walishikilia kwamba busara hupatikana katika mazungumzo ya wenzi, na kwamba anayejitenga hujifunza kidogo. Ndiyo maana kitabu chenyewe kilipewa jina lenye maana ya ushirika mwema.

Yapo basi maoni mawili, moja la New Hampshire na moja la Rungwe, na hayapatani. La kwanza ladai kwamba msanii huzaa akiachwa peke yake. La pili ladai kwamba anayeachwa peke yake hupumbaa. Haifai kulimaliza shauri hili kwa kusema kila upande una ukweli wake. Maneno kama hayo ni ya heshima, lakini hayasaidii kuisoma picha hata moja. Afadhali itafutwe kazi ya mtu aliyepitia njia zote mbili, aliyelelewa katika ushirika wa mlimani na kufanya kazi katika chumba cha baridi ugenini. Mtu huyo, kwa Tanzania, ni Sam Ntiro.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell, akawa mwalimu hapo hapo, kisha mwaka 1952 akaenda London kusoma katika Slade, akakaa hadi 1955. Baadaye, uhuru ulipopatikana, alirudi London mwaka 1961 akiwa Balozi wa Tanganyika, cheo alichokishika hadi 1964. Aliporejea nyumbani aliongoza shughuli za utamaduni serikalini na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Picha yake moja, iliyochorwa mwaka 1956 na ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Wanaume Wakimpelekea Bibi Arusi Pombe ya Ndizi Usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la Museum of Modern Art, New York. Si picha kubwa. Upana wake ni kama nusu mita tu.

Anayetazama picha za Ntiro kwa mara ya kwanza huona mambo yale yale yakirudi: watu wakivuna ndizi, wakichuma kahawa, wakinywesha ng'ombe, wakienda sokoni au arusini. Watu ni wengi na ni wadogo. Nyuso zao hazina habari nyingi. Habari iko katika migongo iliyoinama, mikono iliyonyoshwa, mizigo iliyobebwa, na katika mstari unaowaunganisha wote kutoka ukingo mmoja wa turubai hadi wa pili. Miti imesimama kwa utaratibu kama watu, na watu wamesimama kwa utaratibu kama miti. Rangi zimetandazwa bila ya kivuli kingi, na hewa ni safi: mti ulio mbali huonekana waziwazi sawa na ulio karibu.

Wahakiki wamezoea kulieleza jambo hili kwa njia moja. Husemwa kwamba Ntiro alikuwa mbali na kwao, akakumbwa na hamu ya nyumbani, na hamu ikausafisha mlima wa Kilimanjaro mpaka ukabaki bila ya vumbi wala ugomvi. Maelezo haya yanapendeza, na yana ushahidi wa kuyaunga mkono kwa juu juu. Mwaka ule ule alioanza masomo Slade, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, mzito hivi kwamba mabasi yalisimama, na idadi ya waliokufa ilikadiriwa kwanza kuwa 4,000, na baadaye kupandishwa hadi kufikia 12,000. Ni rahisi kumwazia kijana wa Machame akiwa amejifungia chumbani, dirisha limekuwa jeusi mchana, akichora migomba yenye jua. Ni rahisi mno, na hapo ndipo mashaka yanapoanzia.

Kwani Ntiro hakujifunza London kuchora asichokiona. Alijifunza Kampala. Bibi Trowell, aliyeanza madarasa yake ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakupenda kuwaweka wanafunzi wake mbele ya sanamu za plasta za Kigiriki wazinakili. Njia yake ilikuwa kuwasimulia: aliwaeleza tukio kwa maneno, soko, mavuno, au habari ya Injili, akawaacha walitazame ndani ya vichwa vyao hadi picha ikamilike humo, ndipo washike brashi. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo huchora kutoka katika simulizi. Akiwa Kampala, Machame haipo mbele yake. Akiwa London, haipo vile vile. Umbali wa maelfu ya kilomita haukuongeza kitu katika njia yake ya kazi, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa imekwisha kumtenga na dirisha kabla hajapanda meli au ndege yoyote. Kwa hiyo usafi wa hewa katika picha zake si machozi ya mgeni. Ni sarufi. Mtu anayesimulia hadithi hasemi ukungu ulikuwapo ikiwa ukungu haubadilishi kisa, na Ntiro alichora kama msimuliaji: aliyetajwa yupo, asiyetajwa hayupo, na wote waliotajwa wanaonekana sawasawa.

Hoja hii ikikubaliwa, chumba cha baridi kinashuka cheo. Hakimpi mchoraji jicho jipya. Humjaribu kwa jicho alilokuja nalo. Ntiro alijaribiwa vikali. Slade ya miaka ile ilikuwa na imani kubwa katika kuchora mtu aliye hai akiwa amekaa mbele ya mwanafunzi, kumpima kwa jicho, kumkosoa mstari kwa mstari. Miaka mitatu katika nyumba kama hiyo ingetosha kumgeuza mtu dhaifu. Yeye alitoka akiwa na mkono ule ule, migongo ile ile, na miti ile ile. Kuna walioliona hilo kama ukaidi au uzito wa kujifunza. Lafaa lionwe kuwa ni uamuzi. Katika chumba cha upweke alikataa kuchora upweke. Aliyekuwa peke yake alijaza turubai kwa watu ishirini wanaofanya kazi moja, na ikiwa hilo si ukwangala wa rangi, basi neno hilo la Kinyakyusa halina pa kutumika nje ya Rungwe.

Walakini sifa zisifunike kasoro. Machame nako kuna baridi. Kati ya Juni na Agosti mawingu hukaa miteremkoni mwa Kilimanjaro siku nyingi mfululizo, moshi wa jikoni hushindwa kupanda, na wazee hukaa karibu na moto wakilalamika. Huko kwa Ntiro hakumo. Katika picha zake nyingi watu wanavuna katika majira yasiyo na jina. Msimuliaji, kama ilivyokwisha kusemwa, ana haki ya kuacha asichokihitaji. Lakini mvuna kahawa mwenye vidole vilivyokufa ganzi si mvuna kahawa yule yule wa mchana wa jua, na kazi ya pamoja inayofanywa katika baridi ina gharama nyingine, na hata furaha nyingine. Ntiro aliwaonyesha watu wakishirikiana. Hakuonyesha sana ni kitu gani kiliwalazimu washirikiane. Hapo mtazamaji wa Ikuti, ambaye anaijua migomba na kahawa kama Mchagga, na anayejua kimpumu kama Mchagga ajuavyo mbege, ataitambua picha mara moja na papo hapo ataona imepungukiwa na kitu ambacho yeye huamka nacho kila siku kwa miezi mitatu.

Yafaa hapa kumkumbuka Elimo Njau, Mchagga mwenziwe kutoka Marangu na mwanafunzi wa mwalimu yule yule. Michoro yake ya ukutani katika kanisa la Mtakatifu James huko Murang'a, iliyokamilika mwaka 1959, yaonyesha maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, kanisani palipojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Njau naye alitoka katika shule ya simulizi, lakini ukuta ulimzuia asichore popote pale isipokuwa hapo. Alifanya kazi palipokuwa na watu waliofiwa, ambao wangeingia Jumapili na kutazama. Dago lake lilikuwa na wenyeji ndani yake. Baadaye, alipoanzisha nyumba ya sanaa ya Kibo huko Marangu mwaka 1964, na kushiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ni kama aliyekuwa akitafuta kukirudia kitu alichokipata Murang'a: mahali ambapo msanii anakaa bila ya kufungiwa.

Basi arudiwe yule mchoraji aliyeachwa Ikuti na jiko lake la mkaa. Atakayesema kwamba kipupwe cha Ikuti ni sawa na majira ya baridi ya Ulaya atakuwa amedanganywa na kipimajoto. Desemba, London hupata mwanga wa mchana kwa muda usiofika saa 8. Mchoraji huko ananyimwa nuru. Ikuti, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, hupungukiwa na kama nusu saa tu ya mchana hata mwezi wa Juni. Nuru ipo. Kinachoondoka ni umbali. Asubuhi ya ukungu, mlima haupo, kijiji cha ng'ambo hakipo, barabara inaishia kwenye mgomba wa nne. Yule ambaye sanaa yake yategemea kutazama bonde kutoka juu, na kuwapanga watu wadogo kutoka ukingo hadi ukingo, atajikuta hana pa kuanzia. Kilichobaki ni cha karibu: jani la mgomba lenye maji, ukuta, mkono wa mama aliyeleta viazi.

Ukuta nao si jambo dogo katika nchi hii. Wageni waliofika huku zamani walistaajabia unadhifu wa nyumba za Wanyakyusa, zilizojengwa kwa mianzi na udongo, na kuta zilizopambwa kwa udongo wa rangi. Aliyepamba ukuta ule alisimama mbele yake kwa umbali wa mkono, akatumia rangi aliyoichimba, na alijua mvua ya mwaka ujao itaufuta. Sanaa ya karibu ilikuwapo Rungwe kabla ya mtu yeyote kuleta turubai. Haikuhitaji mandhari.

Na rangi yenyewe huleta hoja. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka katika baridi na unyevu. Tabaka ambalo Dar es Salaam mtu angeligusa baada ya siku mbili, hapa litamngoja siku nyingi zaidi, na akilipaka lingine juu yake kwa pupa, picha itapasuka mwaka ujao. Mchoraji wa Ikuti, atake asitake, atalazimika kuwa na kazi tatu au nne zinazongojea kwa zamu, na katika kungojea huko atatoka nje. Hapo, wala si siku ya tatu, ndipo atakapopewa jembe. Pengine atapewa jembe kweli: atasaidia kuvuna viazi vya aliyempikia, vidole vitakufa ganzi, naye atajua kwa nini watu wawili huvuna mtaro mmoja wakizungumza badala ya kila mmoja kuchukua wake. Hiki ndicho ambacho chumba cha London hakikuweza kumpa Ntiro, na ambacho simulizi la Kampala lilimruhusu akiache.

Kwa hiyo, ikiwa siku moja serikali, chuo au tajiri mwenye mapenzi mema atajenga nyumba ya wasanii katika nyanda za juu za kusini, suala la vyumba vingapi na madirisha yaelekee wapi si la kwanza. La kwanza ni kama nyumba hiyo itakuwa ukaazi au itakuwa dago. Ikijengwa kwa mfano wa New Hampshire, ua ukazungushwa, kikapu kikaachwa mlangoni na mwanamke wa kijiji anayelipwa ili asiongee, mavuno yake yaweza kubashiriwa tangu sasa: picha nyingi za ukungu, nzuri, za kijivu, zisizo na mtu, ambazo zingeweza kuchorwa popote penye ukungu. Wageni watazinunua. Wenyeji watauliza ni za wapi. Ikijengwa kama dago, wachoraji wanne au watano wenye jiko moja, wakila kwa zamu katika nyumba za watu kama walivyokula vijana wa rika, kelele zitakuwapo na picha zitakuwa chache. Yupo atakayelalamika kwamba hakupata utulivu, na atakuwa na haki ya kulalamika. Upweke ni dawa ya kweli kwa baadhi ya wasanii. Kinachopingwa hapa ni kuwaandikia wote dawa moja kwa sababu imeandikwa hivyo ng'ambo.

Mwisho, ile picha ya 1956. Ntiro aliichora mwaka mmoja baada ya kumaliza Slade, na inatofautiana na desturi yake katika neno moja la jina lake: usiku. Mchoraji wa mchana ulio wazi, ambaye kwake mti wa mbali ni sawa na wa karibu, alichagua hapo saa ambayo jicho halifiki mbali. Wanaume wamebeba pombe. Wanakwenda kwa bibi arusi. Njia wanaijua kwa miguu kuliko kwa macho, na kila mmoja anamfuata aliye mbele yake kwa sababu asipomfuata atapotea. Hapa ushirika hauhitaji kuelezwa. Umbali umeondolewa, na wale watu wadogo, ambao katika picha nyingine hushirikiana kwa kuwa mchoraji amewapanga hivyo, wanashirikiana kwa kuwa giza limewalazimisha. Ni ajabu kidogo kwamba kati ya kazi zote za Ntiro hii ndiyo iliyonunuliwa New York, na haielekei kwamba walioinunua walikuwa wakifikiria ukungu wa milimani. Lakini ikitundikwa katika nyumba yoyote ya Ikuti, asubuhi ya Julai, mlango ukiwa wazi, mwenye nyumba hatauliza wale watu wanatoka wapi. Atauliza arusi ni ya nani.